Mama Kadi na Bahasha Mia Mbili Zilizogeuzwa

Asubuhi birika la umeme linatokota mezani, lakini hakuna chai inayoandaliwa. Mama Kadi anaishikilia bahasha ya buluu juu ya mvuke, anasubiri gundi ilegee, kisha anaifungua taratibu kwa ncha ya kisu. Anaigeuza ndani nje, anaikunja upya na kuinyoosha mikunjo kwa mgongo wa kijiko.

"Usiniongeleshe nikiwa na kisu," anaonya bila kuinua macho.

Meza hii ndiyo ofisi yake. Ndiyo pia meza ya chakula ya familia, hivyo kila ukifika wakati wa kula, kompyuta, rula ya chuma na marundo ya karatasi huhamia kitandani. Kwa miaka tisa amebuni hapa kadi za harusi na mahafali, na jina la Mama Kadi walilompa majirani limekolea hadi mumewe naye analitumia.

Kazi ya sasa ni kubwa kuliko zote alizowahi kufanya: kadi za mwaliko mia mbili na bahasha zake, kwa ajili ya uzinduzi wa kiwanda kipya cha uchapaji. Mkurugenzi alimwambia waziwazi kwamba akiridhika, atamwajiri kubuni kadi na majalada ya vitabu, na atampa chumba cha kufanyia kazi kiwandani.

"Chumba chenye mlango," anasisitiza Mama Kadi. "Na meza ambayo hakuna atakayenimwagia mchuzi."

Kadi yenyewe ni ya kutamanisha. Karatasi ni nene na nyeupe, inakunjuka mara tatu, na mstari mmoja mwekundu unaanzia ukurasa wa mbele na kwenda kutua kwenye tarehe. Kwa bahasha alichagua karatasi yenye buluu iliyokolea upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Alikata, akakunja, akazitia gundi zote mia mbili, buluu ikiwa nje.

Kisha akamwita mama mkwe wake aandike majina ya wageni. Mama huyo ni mwalimu mstaafu mwenye mwandiko wa kuonewa wivu. Aliketi, akavaa miwani, akaandika jina la kwanza bila haraka.

"Mwanangu," alisema, "nimeandika, lakini sioni nilichoandika."

Wino mweusi ulikuwa umezama kwenye buluu. Mbunifu aliyefikiria kila mkunjo alikuwa amesahau kwamba bahasha huandikwa jina. Kalamu ya wino mweupe waliyoipata ilivuja. Lebo za kubandika alizikataa katakata.

"Zingeonekana kama pakiti za dawa," anasema.

Dukani karatasi ilikuwa imekwisha, na siku zilikuwa zinayoyoma. Mama Kadi anakiri kwamba alilia. Kwa hasira akaipasua bahasha moja, na ndani yake akakuta weupe mtupu, safi kabisa wa kuandikia. Alipoinua uso, mama mkwe alikuwa tayari ameshakwenda kuwasha birika.

Tangu hapo mmoja anageuza, mwingine anaandika. Jina linasomeka vizuri juu ya weupe, na mgeni atakayefungua atakutana na buluu ndani. Ukweli usemwe, zimependeza kuliko zilivyokuwa.

Mkurugenzi naye aliona hivyo alipokuja nyumbani kuchukua za kwanza. Akammwagia sifa kwa wazo la kuificha rangi. Mama mkwe akamkanyaga Mama Kadi mguu chini ya meza ili anyamaze. Hakunyamaza.

"Nilimwambia nilikosea, ndiyo maana nimezigeuza," anasimulia. "Sikutaka kuingia kwenye chumba kile na uongo."

Mkurugenzi akaifungua bahasha, akaifunga, halafu akacheka. Chumba amempa, kwa sharti moja: bahasha ya kwanza iandikwe jina kabla ya kukatwa ya pili.

Mama Kadi ataanza kazi baada ya uzinduzi, na tayari amechora chumba chake kwenye kipande cha karatasi: meza ya kukatia, kabati, na kiti kimoja karibu na dirisha. Mama mkwe anauinamia mchoro.

"Hiki kiti cha nani?"

"Chako, mama. Nimeshamwambia bosi kwamba nakuja na mwandishi wangu."

Mama mkwe anavua miwani na kuifuta, muda mrefu kuliko inavyohitaji.

"Kiwe na mto," anasema, na kuvuta bahasha nyingine.