Kipindi Kilichobaki Ndani ya Betri

Juzi kwenye simu niliwakuta mashabiki wa kipindi cha zamani cha vyombo vya angani wakibishania sehemu ambazo kanda zake zilifutwa. Mmoja aliuliza, "Nyuma ya ule mlango kulikuwa na nini?"

Nikasikia tena harufu ya kiwanda cha sukari, kule Butali nilikokulia. Alasiri moja ya utotoni, mlango huo ulipoanza tu kufunguka kwenye kipindi, betri ya televisheni yetu ikaisha. Nilidhani hadithi imebaki ndani ya betri, inangoja chaji. Baba alipoifunga kwenye baiskeli aipeleke sokoni kuchajiwa, nilimsihi, "Baba, usiitingishe, itamwagika yote."

"Sawa, mama."

Sasa najua betri haihifadhi picha. Baba alijua hata siku ile, lakini baiskeli hakuipanda. Aliikokota polepole mpaka sokoni.