Wimbo wa Gari Bovu na Mtoto Asiye Wetu

Kuna siku moja ya karantini ambayo bado inanichemsha damu, mwanangu, ingawa nywele zangu zimekwisha kuwa nyeupe. Umenijia na habari ya yule bwana wa mjini anayetaka kuutangaza muziki wenu. Basi kaa nikusimulie, kabla hujampa jibu.

Tulikuwa watatu, Waafrika wa vitongoji vya magharibi mwa jiji hili la ughaibuni. Dezire, kijana Mrundi, aliimba. Wambui, nesi Mkenya wa Quakers Hill, alipiga ngoma kama mtu anayedai haki yake. Mimi nilishika gitaa. Bendi tuliiita Vumbi Jekundu. Tulipiga roki ya jangwani, ile nzito ya polepole, nyuzi zimelegezwa mpaka gitaa linanguruma kama lori linalopanda mlima. Hatukuwa na kampuni wala bosi. Vyombo tulibeba wenyewe, fulana tulichapa wenyewe, na kila tulipopata likizo tulipakia gari tukaenda kupiga kwenye miji ya mbali na pwani, huko ambako ardhi ni nyekundu na baa ni moja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, nasi hatukumtegemea mtu.

Kisha korona ikaja, kumbi zikafungwa. Mwaka wa pili serikali ikatubana sisi wa vitongoji vya magharibi kuliko wenzetu wa baharini: askari mitaani kwetu, helikopta juu ya mapaa, na kule ufukweni watu wanaota jua! Dezire alikuwa amepoteza kazi ya hoteli. Mimi nilipanga chumba cha nyuma nyumbani kwao, Mount Druitt, kwa mama yake, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti. Wambui tulimwona kwenye simu tu, alama za barakoa zimemchora mashavu.

Ndipo akatupigia mtayarishaji mmoja wa mjini. Alikuwa amesikia wimbo tuliorekodi kwenye ghala huko Minto, akasema ataufanyia video. Tukakubali. Video ilipotoka, watazamaji wakamiminika.

Niliifungua mezani, Dezire na mama yake wakiwa kando yangu. Mwanangu! Mahema yaliyochanika. Bunduki. Halafu mtoto mdogo, uchi, nzi machoni, analia akiitazama kamera. Chini wameandika kwamba hiki ni kilio cha wakimbizi walionusurika kifo.

Na ule wimbo, unajua ulihusu nini? Ulihusu gari letu kuharibika njiani kwenda Broken Hill, Dezire akilisukuma kwa kandambili, Wambui akimcheka. Wimbo wa utani! Tuliuimba kwa Kiswahili, na yule mtayarishaji hakuuliza hata mara moja maneno yake yana maana gani. Alisikia mtu mweusi akivuta sauti, akaamua ni msiba.

Nilisimama nikatafuta funguo za gari. Karantini au si karantini, nilitaka kwenda kumvunjia mlango. Dezire akashika kichwa.

"Tuiache video ibaki," alisema. "Redio wameshatualika. Lini tena watatusikia?"

Mwenye njaa hana miiko, lakini sikuwa na subira ya methali siku hiyo. Nilimpigia kelele.

Mama Dezire akaichukua simu, akailaza kifudifudi mezani.

"Huyo mtoto ana mama yake," alisema. "Nani alimwomba ruhusa?"

Akanigeukia mimi.

"Na wewe binti, keti. Ukivunja mlango wake, utampa video ya pili."

Wambui alipotoka zamu tulimpigia yule bwana kwa simu ya video, sote tukionekana. Wambui alimweleza kwa Kiingereza chake cha wodini, kilichonyooka kama sindano. Bwana akatabasamu, akasema watazamaji wanapenda kujua mlikotoka. Dezire akamtafsiria mama yake.

"Mwambie tumetoka Mount Druitt," alijibu Mama, "na tuko hapa hapa."

Bwana akacheka. Akakataa kuiondoa. Na kicheko kile, usoni pa mama yake, ndicho kilichomgeuza Dezire.

Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga. Sisi tulimwambia, tena mbele ya watu. Kesho yake Dezire alikaa mbele ya simu, akajirekodi akiutafsiri wimbo mstari kwa mstari, gari, kandambili na yote, akamalizia: "Mtoto yule si wetu, wala si wenu. Mfunikeni." Watu wakaisambaza. Bwana akaiondoa video yake, bila kuomba radhi. Redio nao wakafuta mwaliko, na wakubwa wa mjini wakasema sisi hatuna shukrani. Shukrani!

Mipaka ilipofunguliwa tuliendelea vilevile, kumbi ndogo na miji ya vumbi, mpaka mgongo wa Wambui ulipoikataa ngoma. Umaarufu hatukuupata. Mama wa yule mtoto tulimtafuta, tukauliza kila tuliyemjua. Hatukumpata. Hilo ndilo linaloniuma, si redio.

Basi shika haya. Watakwambia hasira hasara, na ni kweli kwa anayeitupa ovyo. Hasira ya haki usiizime. Ikalishe kitako, iulize inamtetea nani, kisha sema maneno machache yanayoeleweka. Mtu akitaka wimbo wako, kwanza akuulize maana yake. Asipouliza, hataki wimbo, anataka kidonda. Na kidonda cha mwingine usikigeuze jukwaa, hata wakikuwekea taa nzuri namna gani.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sauti isiyonunulika na wenzako wa kuibeba, na kila utakapokasirika, ukasirike kwa ajili ya yule asiyekuwepo kujisemea.