Piko Lisilotoka Mikononi mwa Bi Anna

Mwatime Shamte, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, hakuwa mtu wa kuacha uchafu ukalala. Miaka tisa ameuguza na kuosha wazee wa watu majumbani mwao huku Wheaton, Marekani, na kila aliyepita mikononi mwake aling'aa. Basi siku ya kwanza kwa Bi Anna, mjane wa miaka themanini na minane kutoka Bosnia, aliona vijitawi na vialama vya buluu vilivyofifia kwenye mikono ya bibi yule, akasema moyoni: piko gani hili la kujichora harusini halijatoka? Akachukua ndimu na chumvi, akasugua.

Bi Anna alipiga ukelele uliowatoa majirani. Akaificha mikono chini ya shuka, na tangu hapo akiuona mtandio wa Mwatime hugeukia ukutani.

"Kwani hukusoma chart ya mgonjwa?" Jepkosgei, muuguzi msimamizi, alimfokea kwenye simu. "Hizo ni tattoo, Mwatime, si mambo yenu ya harusi! Akikataa kuoshwa mpaka Ijumaa, naleta mtu mwingine."

Usilolijua ni usiku wa giza. Binti yake Bi Anna ndiye aliyemweleza. Enzi za masultani wa Uturuki, Wakristo wa kwao waliachiwa kanisa na kasisi, mradi walipe kodi yao na kengele isilie. Lakini miaka mingine watu wa Sultani walipita vijijini wakichagua wavulana, wakawapeleka mbali, wakawasilimisha, wakawafanya askari. Ndipo akina mama wakaanza kuwachanja watoto misalaba kwa sindano na wino, ili popote watakapopelekwa wasisahau walikotoka. Masultani waliondoka, sindano ikabaki. Bi Anna alichanjwa na nyanya yake.

Mwatime aliingiwa na uchungu, na hasira pia. Chuoni, alikosomea Kurani utotoni, alifundishwa kwamba kodi ile ya wasio Waislamu ilikuwa ya ulinzi. Kuhusu watoto, maalimu hakutia neno. Aliona haya kwa jambo asilolifanya, akajichukia kwa kuona haya.

Alhamisi pumzi za Bi Anna zilikuwa fupi. Mwatime aliketi tu, hakugusa kitu. Alasiri bibi akageuka mwenyewe, akaushika mkono wa Mwatime, akaupindua huku na huku kama anayetafuta kitu.

"Maskini," akasema kwa Kiingereza chake kizito. "Wewe walikuchukua kabla mama yako hajakuchanja."

Mwatime alitaka kusema, la, bibi, mimi nimezaliwa Mwislamu. Lakini Kibokoni kwao kulikuwa na jambo lisilosemwa: mama wa nyanya yake aliletwa pwani mtoto mdogo, kutoka Nyasa, kamba shingoni. Waliomnunua ndio waliomwita Mwatime, jina ambalo kitukuu huyu alirithishwa. Jina alilopewa na mamake hakuna aliyelijua.

"Ndiyo, bibi," akajibu. "Walinichukua."

Bi Anna akamwachia mikono yote miwili. Mwatime akaiosha kwa maji ya vuguvugu, bila ndimu, msalaba mmoja baada ya mwingine. Alfajiri ya Ijumaa bibi akakata roho, akiwa safi.