Kitabu Hakirudi Kitupu

"We mutu wa kambi, utaweza wapi! Unatoka Tanzania na Kiswahili ya radio, unataka kuwa mwalimu ya vitabu? Huku Baraka tuko na samaki, hatuna vitabu."

Ndivyo baba mdogo alivyoniambia mbele ya majirani, na bamama wakapiga makofi kwa kicheko. Mimi nilicheka kuwashinda, maana nilijijua. Nilikuwa nimevuka ziwa kutoka kambi ya wakimbizi kurudi kwetu na begi moja, nikachoma matofali, nikajisomesha mwenyewe. Leo diploma yangu ya ukutubi wa shule imetundikwa sebuleni. Mgeni asipoitazama, namgeuzia kiti.

Lakini kabla ya diploma kulikuwa na staji, mafunzo ya kazini. Nilipangiwa shule moja ya msingi hapa Baraka, ambayo maktaba yake ilikuwa kabati, na ndani ya kabati mlikuwa na buibui. Msimamizi wangu, mama mkali wa chuoni, hakunificha: "Nikirudi, nikute batoto wanaazima vitabu na kurudisha. Kama hapana, diploma hakuna."

Nikaanza kubisha milango. Watu tuliorudi kutoka kambini tulivuka na vitabu tulivyovifunga chini ya masufuria, nami nilijua nyumba zenyewe. Mchungaji mmoja wa milimani alinipa viwili, dereva wa pikipiki za kwenda Misisi kimoja kisicho na jalada. Hata baba mdogo alitoa hadithi zake za wanyama, kwa vidole viwili, kama mtu anayeng'olewa jino. "Ikipotea, usikuje tena kula hapa."

Siku ya kwanza darasani nilijaa maneno matamu. "Kitabu ni cha mwenyewe," niliwaambia watoto. "Mkirudishe kama mnavyorudisha sahani ya jirani."

Walinisikia vizuri mno.

Msimamizi alipofika, alivuta kitabu cha baba mdogo kabatini na kukifungua. Ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, wakamwangukia mapajani. Akavuta cha pili: karanga. Cha tatu kilikuwa na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi.

"Mwalimu, hii ni maktaba ao soko?"

Msichana aliyekuwa amesoma zile hadithi za wanyama akasimama. "Mama, yeye alisema turudishe kama sahani. Kwetu sahani ya watu hairudishwi bila kitu."

Msimamizi aliziba mdomo, akashindwa, akacheka mpaka akafunga upya kitenge chake. Kisha akamuuliza, "Na ndani ya kitabu ulikuta nini?" Msichana akasimulia hadithi nzima ya mamba na nyani, kwa sauti zote mbili. Nilipasi, na kwa alama nzuri.

Likabaki deni. Vitabu vya watu vilinuka ziwa, na mimi si mtu wa kurudisha sahani tupu. Kwa hiyo kila kitabu nilikirudisha pamoja na mtoto aliyekisoma, amsomee mwenye kitabu ukurasa mmoja mlangoni.

Baba mdogo alikuwa wa mwisho. Alinusa kurasa zenye harufu ya ndagala, akakunja uso. Msichana akaanza kusoma. Ukurasa ulipokwisha, mzee akasogeza kigoda chake karibu na kusema, "Endelea, mama."

Hadithi ilipoisha alinigeukia. "Sawa. Umelipa."

Kisha akakipindua kitabu, akakikung'uta. "Na ndagala yangu iko wapi?"