Nimekatazwa kuinuka kwenye kiti

Jamani, mwenzenu nimekatazwa kuinuka kwenye kiti, na kosa langu silijui.

Nimempelekea mwanangu Zuhura chakula ofisini kwao Kariakoo, maana tangu asubuhi hapokei simu, na moyo wangu mnaujua. Yeye na wenzake ndio wanaangalia mitambo ya mtandao.

Nikakuta mtambo umezima! Simu za wateja zinalia, na mwanangu bado yuko kwenye majaribio ya kazi. Kanywea kama kuku aliyenyeshewa.

Nikavuta kiti, nikaegemea kabati lao la mitambo, nikasema Yarabi msitiri mwanangu.

Taa zikawaka. Mtandao ukarudi!

Nikasimama nimkumbatie.

Ukazima.

"Mama, hebu kaa tena kama ulivyokaa."

Nikakaa. Ukawaka.

Mungu wangu, mgongo wangu una nini?

Wakaingia nyuma ya kabati na tochi, eti wanatafuta waya uliolegea. Mara bosi huyo, "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, nikataka kuinuka nimpe mkono. Wote wakapiga kelele:

"Mama, kaa!"

Bosi kaduwaa. Zuhura akamwambia, "Huyu mama yangu. Akisimama, mtandao unakata."

Nikaona bora niulize mwenyewe. "Baba, mwanangu umemfukuza?"

Akacheka. "Nimfukuze, halafu uondoke naye?"

Waya bado hawajauona, chai nimeletewa hapa hapa. Majirani zangu wa Jangwani, mawingu hayo nayaona dirishani. Nani yuko nyumbani anianulie nguo?