Bi Yasue na Dari ya Shule ya Shirao

Kwa miaka thelathini na mitano Dobashi Yasue alikuwa mhudumu wa Sekondari ya Shirao, huko milimani ambako theluji ikishaanguka Desemba haing'oki mpaka Machi. Wanafunzi hufagia wenyewe kila alasiri, lakini kilichovunjika, kilichoziba na kilichovuja kilikuwa chake. Walimwita Shangazi. Hakuwa mkali wala mcheshi. Alikuwa mtu wa haya, haya zilizopitiliza, jamani. Mgeni akijikwaa ngazini mwenyewe kwa uzembe wake, Yasue ndiye anayeomba radhi.

Sasa, shuleni hapo aliwahi kusoma kijana mmoja mkimya ambaye hakuna aliyemdhania kitu. Akaenda zake mjini, akageuka mwandishi, akatoa riwaya saba mfululizo kuhusu wanafunzi watatu wa Chama cha Hali ya Hewa, chama ambacho shuleni kwetu kipo kweli. Wanapima mvua asubuhi na jioni, na katikati wanafumbua vijifumbo vya shule: nani kahamisha kengele, kwa nini mwalimu wa hesabu anakula chakula chake ndani ya gari. Hamna maiti, hamna bastola. Watoto wa nchi nzima wakazipenda hadi zikafanywa katuni ya televisheni, na hapo ndipo balaa la Yasue lilipoanza.

Wachoraji wa katuni walikuja wakapiga picha kila pembe ya chumba cha chama, kile cha ghorofa ya juu. Yasue akadhani watapasafisha kwenye kuchora, kama mpiga picha wa harusi anavyomfutia bibi harusi chunusi. Wapi! Siku ya kwanza ya kipindi mji mzima ulikusanyika ukumbini, na yeye kavaa gauni lake la sherehe. Mara hilo hapo, kwenye kioo cha televisheni: doa la kahawia darini, pale paa lilipovuja. Kioo cha dirisha chenye ufa, kimebandikwa utepe. Meza iliyochorwachorwa majina kwa visu tangu enzi za babu zao. Watu wakashangilia. Yasue alitamani sakafu immeze. Utepe ule aliubandika wiki ile mumewe alipoanguka akiparua theluji juu ya paa akafa, akasema atabadilisha kioo baada ya mazishi, na hakukibadilisha.

"Nchi nzima imeuona uchafu wangu," alimwambia Kuzuya, seremala, waliyesoma naye darasa moja.

"Nchi nzima imeona dari," Kuzuya akajibu. "Dari haijaandikwa jina lako."

Yeye hakusikia. Vitabu vyenyewe hakuvisoma, na ile katuni hakuitazama tena, kwa aibu. Kwa hiyo hakujua lile ambalo kila mtoto wa Japani alilijua: kwamba msichana wa hadithi, akikwama, hulala chali juu ya ile meza akalitazama lile doa hadi jibu limjie. Mashabiki walipoanza kuja kwa treni, tukawapachika jina la mahujaji, Yasue aliwafungulia mlango akisema, "Samahanini kwa uchafu." Wao wakacheka, wakidhani mama wa watu anatania.

Miaka saba ikapita. Watoto wakaadimika Shirao kama wanavyoadimika kila bonde la huku. Idara ya elimu ikaleta barua: wakiandikishwa chini ya wanafunzi ishirini mwaka ujao, shule haitapokea wengine baada yao. Mwaka ule walikuwa ishirini na mmoja. Lakini ng'ombe wa maskini safari hii alielekea kuzaa: kampuni ya filamu ilitaka kutengeneza filamu ya riwaya zile, kwa waigizaji wa kweli, na wangekuja Alhamisi kukagua chumba. Filamu ikipigwa hapa, alisema Mwalimu Mkuu Hirabayashi, watakuja wanafunzi wa mikoa mingine, wakae kwenye bweni la zamani. Ilikwishatokea kwingine. Mwenyewe alikuwa anakwenda mkutanoni hadi Jumatano jioni, akiwa na begi mkononi na mguu mmoja nje ya mlango.

"Bi Dobashi, chumba kiwe kizuri kidogo, tafadhali."

"Niachie mimi, Mwalimu," alisema Yasue, na tangu mumewe afe hakuna aliyemwona amechangamka vile.

Akafunga shughuli zote, akamwita Kuzuya, ambaye naye hakuwa mtu wa vitabu wala katuni. Walikwangua dari, wakaipiga rangi nyeupe tabaka mbili. Wakatia kioo kipya. Kuzuya akaipiga randa meza mpaka majina ya vizazi vyote yakawa maranda, Yasue akayafagia akayafanya kuni za kuchemshia maji ya kuoga nyumbani kwake.

"We mwanamke utanimaliza," Kuzuya alihema. "Hata waziri hajapigiwa randa namna hii."

"Safari hii hawatatuona wachafu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Jumanne alasiri msichana wa mwaka wa pili, Chinami, aliyebaki peke yake kwenye chama kile, alisimama mlangoni akiwa na daftari lake la mvua. Akatazama juu.

"Shangazi... na meza pia?"

"Meza ndiyo hasa, mwanangu! Ilikuwa inatia kichefuchefu."

Binti akaangalia vidole vyake. Utamwambia nini mtu mzima aliyeloa rangi mpaka kwenye nyusi? Akainama. "Poleni na kazi," akasema, akaenda zake.

Alhamisi wakaja watu watatu, mkubwa wao kijana aitwaye Sengoku. Yasue alishawapangia ndara za ndani, pua zimeelekea ndani vizuri. Mwalimu Mkuu, aliyerudi usiku na kufika asubuhi moja kwa moja kuwapokea, akawatangulia ngazini. Sengoku alikuwa na picha za katuni mkononi. Akaingia, akasimama katikati ya ule weupe na harufu ya rangi. Alitazama juu kwa muda mrefu. Kisha akazikunja zile picha, akazirudisha kwenye mkoba.

"Panang'aa," alisema.

Mwalimu Mkuu alikuwa amebadilika rangi, lakini mbele ya wageni angefanyaje? Akatabasamu.

"Mmepatunza kweli. Tutalifikiria kwa makini sana," Sengoku akasema, akainama. Na huku kwetu mtoto wa chekechea anajua kwamba anayelifikiria kwa makini sana ameshakataa.

Yasue aliona bila kuelewa. Akachukua mfuko wa kaki, yale matunda matamu ya rangi ya chungwa, aliyoyatayarisha, akamfuata Sengoku mpaka kwenye gari.

"Mwanangu, kuna mahali pamebaki pachafu? Niambie tu. Leo leo napasafisha."

"Hapana, mama. Pasafi mno."

"Basi ni nini?"

Kijana akakwepa mara ya kwanza, akakwepa ya pili. Ya tatu akashindwa, maana mama wa watu alikuwa ameushika mlango wa gari na mikono yenye rangi kwenye kucha.

"Mashabiki wanaijua ile dari kuliko dari za kwao. Wanakuja kwa ajili ya doa lile, mama. Na ile meza. Tungekuja wiki iliyopita, leo tungepeana mikono."

"Nitalirudisha."

"Mama..."

"Doa nitalirudisha. Nipe siku mbili."

"Na majina ya mezani?"

Yasue aliuachia mlango wa gari. Alimpa yale matunda, akainama mpaka gari likapotea kwenye kona ya hekalu.

Jumamosi Kuzuya alimkuta juu ya ngazi na birika la chai nzito na brashi, anajaribu kuipaka dari. Chai ilikuwa inamchuruzikia mkononi hadi kwapani. Darini palionekana kama mtoto amekojoa godoro.

"Unafanya nini huko juu, wewe?"

"Pamebaki uchafu kidogo," alisema. Akashuka kuchukua rangi, akapapaka tena nyeupe.

Hakumwambia mtu. Mwalimu Mkuu naye hakumlaumu, kwa adabu zile zile zinazotumaliza. Alichosema ni, "Umefanya kazi kubwa, Bi Dobashi," na Yasue akaenda kwenye chumba cha mafagio akalia. Filamu ilipigwa mkoa mwingine, kwenye shule iliyohamwa yenye paa linalovuja. Mahujaji wanakwenda huko sasa. Kwetu waliandikishwa kumi na mmoja.

Darasa la mwisho lilimaliza Machi, miaka mitatu baadaye, wahitimu tisa tu. Ukumbi ulijaa wazee, kila mmoja na kitambaa chake cha machozi. Wimbo wa shule ukaimbwa, bendera ikakunjwa. Kisha Mwalimu Mkuu akamwita Dobashi Yasue jukwaani, akamsomea hati ya shukrani: miaka thelathini na mitano, shule ambayo wageni wote waliisifu kwa usafi. Watu wakasimama kumpigia makofi. Kuzuya akapiga mluzi.

"Tuambie neno, Shangazi!" wakaita.

Yasue alishika hati kwa mikono miwili. Alikuwa amelibeba lile jambo miaka mitatu kama jiwe kwenye titi, na sasa aliona afadhali wamzomee, wamtupie viatu, lakini wajue.

"Shule hii imefungwa kwa sababu yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyewafukuza watu wa filamu, kwa kusafisha kwangu. Kosa ni langu mimi peke yangu. Naomba mnisamehe."

Vitambaa vya machozi vikapanda.

"Aa, Shangazi!" mama mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya kilio. "Hata leo anajishusha!"

"Ndivyo alivyo," jirani yake akajibu, "hajawahi kujisifu hata siku moja."

"Sijishushi!" Yasue akapaza sauti. "Nasema kweli, nisikilizeni!"

Makofi yakafumuka tena, makubwa kuliko ya kwanza. Wengine walikuwa wanalia kwa jinsi walivyompenda. Mwalimu Mkuu alimshika kiwiko taratibu, akamshusha jukwaani, akamketisha kiti cha mbele kabisa, na watu wakaendelea kumpigia makofi mpaka mikono ikawauma.