Kiti cha Novemba

Mtaani walimwita Pasi, kwa kuwa tangu amalize shule kazi yake ilikuwa kunyoosha nguo za watu kwenye duka la dobi, na kola aliyoipitia yeye ilisimama kweli. Kuandika aliandika kwa siri, nyuma ya risiti. Siku moja akasahau kisa kizima ndani ya mfuko wa kanzu ya padri. Padri akakisoma chote, akacheka, akampeleka kwa katekista mstaafu aliyeongoza kikundi cha waandishi wa parokia.

Jina kubwa, watu wanne. Katekista mwenyewe, muuguzi mjane, mwalimu wa chekechea, na fundi redio ambaye kila hadithi yake iliishia kwa mlevi kutubu. Walikutana Jumamosi mchana kwenye chumba cha nyuma ya sakristia, kinachonuka nta na majoho ya kwaya.

"Karibu dada," fundi redio alimwambia. "Hapa tunachana hadithi, mwenye hadithi hatumgusi."

Sasa, Novemba walikuwa na desturi yao. Kwa kuwa ni mwezi wa marehemu, kila mmoja aliandika juu ya marehemu wake. Kiti kimoja kiliachwa wazi, mshumaa mbele yake, na hadithi ikiisha wote walimwombea huyo mtu kwa jina. Muuguzi alimleta mumewe, jamani, watu walilia mpaka basi. Pasi alirudi nyumbani na kijicho, tuseme ukweli, maana yeye hakuwa na marehemu wa kumlilia. Baba alikufa yeye akiwa mdogo, hakumbuki hata sauti yake. Alichokuwa nacho ni mdogo wake wa kiume, aliyeondoka miaka saba iliyopita baada ya kugombana naye. "Nenda," Pasi alimwambia siku ile, "na wala hatutakutafuta." Maneno hayo yalikuwa bado yanamchoma. Tangu hapo, si simu wala salamu.

"Nikimwandika yeye?" alimwuliza mama yake, aliyekuwa anamenya vitunguu.

"Mwanangu hajafa."

"Mama, miaka saba."

"Ukimwandika marehemu, umemzika wewe. Mimi simo."

Akamwandika. Alimzamisha mtoni. Kando ya maji akaacha viatu, na soksi zote mbili zimesokomezwa ndani ya kiatu cha kushoto, kama alivyozoea kijana tangu utotoni. Kipande hicho alikipenda mno, akakisahihisha mara tele kama mtu anayebembeleza kola.

Jumamosi akasoma. Alipofika kwenye viatu, moto wa mshumaa uliinamia kile kiti, na madirisha yalikuwa yamefungwa. Akaendelea kusoma, afanyeje. Katekista akaanzisha sala, wakamtaja mdogo wake kwa jina la ubatizo, na kiti kikalia vile kinavyolia mtu mzima akijibwaga. Fundi redio, na mdomo wake wote ule, alitazama sakafu.

"Tumalizie," katekista alisema polepole. "Tusimwache njiani."

Wakamalizia. Pasi alikwenda nyumbani kichwani ana jambo moja tu, kwamba amemuua. Yale maneno hayakutosha, sasa amemwongezea na mto.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Kabla Pasi hajamwamkia, simu ikaita. Namba ngeni.

"Dada." Sauti ilikuwa nzito kuliko ya zamani, lakini ndiyo yenyewe. "Ulikuwa na nani leo mchana?"

Pasi aliishika simu kwa mikono yote miwili.

"Nilikuwa mtoni, dada. Nilishachoka na kila kitu. Viatu nimeshavua. Kuna kitu kikanikalisha chini, puu, kama mzigo. Nikasikia watu wanataja jina langu. Wengine siwajui, wewe nikakujua. Nikaogopa, nikakimbia peku mpaka barabarani. Hii simu nimeomba kwa mwenye duka."

"Soksi uliziweka wapi?" Pasi aliuliza. Alishajua, na alitamani asijibiwe.

"Soksi tena? Kwenye kiatu cha kushoto." Akavuta pumzi. "Ulisema hamtanitafuta."

"Nilisema."

"Sasa mbona mmenitafuta?"

Pasi alilia, mtu mzima, katikati ya uwanja, akimwambia nisamehe, rudi, rudi leo hii. Ilikuwa furaha, ilikuwa woga, hajui kipi ni kipi. Mama hakuuliza ni nani. Aliingia ndani, akasikika akivuta sanduku chini ya kitanda, akatoka na jozi ya viatu vya zamani, akaanza kuvifuta vumbi kwa upindo wa kanga.

"Mwulize yuko wapi hasa," alisema. "Na mwulize kama mguu wake bado unaingia humu."